Mawe ya Msaragambo na Ada ya Mtihani

Habari ya kusomesha watoto Kihurio inaanzia mferejini. Kata hii ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, imelala tambarare, mgongo umeegemea milima ya Upare Kusini na uso umeelekea Mkomazi, na mvua peke yake huko chini si ya kutegemea. Maji ya shamba hushuka kutoka mlimani. Ili yafike, sharti matope yazolewe na kingo zitengenezwe, na hiyo si kazi ya mtu mmoja wala ya ukoo mmoja. Ndipo Wapare wakawa na msaragambo: mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, asiyefika anatozwa faini. Kwa desturi hiyo hiyo zilifyekwa njia za vijijini, yakasombwa mawe na mchanga, zikasimama kuta za shule. Msaragambo uliwapa watu wa Upare madarasa mapema kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Lakini haukuwahi kumlipia mtoto mtihani, na naamini haukuweza, kwa kuwa mtihani haujengwi kwa mawe. Hulipiwa kwa fedha taslimu, kwa tarehe isiyongoja mtu, na fedha yenyewe huenda mbali, kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Kihurio. Ukiifuata historia ya msaada wa ada za mitihani katika sehemu hii, utakuta pengo hilo hilo likijirudia kwa majina tofauti tangu enzi za wamisionari.

Wasabato walifika Upare mwaka 1903 wakaanzia Giti, na Kihurio ikawa miongoni mwa vituo vyao vya kwanza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Walutheri nao walishika Gonja na Mbaga. Shule za misheni hazikuwa bure, ila bei yake ilikuwa ya aina ambayo Mpare aliielewa: mzazi alitoa nguvu, mtoto akalima shamba la misheni, kanisa likaezekwa kwa mikono ya waumini. Fedha ilikuwa na wenyewe. Wajerumani waliweka kodi ya kibanda mwaka 1897, Waingereza wakaiendeleza kwa jina lao, na senti iliyopatikana kwenye mkonge au kahawa ilikuwa na mdai kabla haijafika nyumbani. Wachache waliovuka vidato vya juu walikutana na mtihani wa Cambridge, ambao karatasi zake zilisafiri kwa meli kwenda Uingereza kusahihishwa. Katika mfumo huo ndipo ilipozaliwa ile tofauti kati ya gharama ya shule, inayoweza kulipwa kwa jasho, na gharama ya mtihani, isiyokubali kitu ila sarafu.

Mtu anaweza kusema kwamba hazina za wenyeji, zilizoanza baada ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, ziliwekwa ili kuziba mapengo kama hayo. Ni kweli, na hapo ndipo Upare ulipotoa somo ambalo watunga sera wetu hawalirejei vya kutosha. Miaka ya 1940 mamlaka za Upare, zikisukumwa na serikali, ziliingiza kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali, ikaitwa mbiru. Kwenye karatasi ilikuwa ya haki: mwenye nacho atoe zaidi, hazina inenepe, huduma ziongezeke. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya, na baadaye wanawake nao wakajitokeza kupinga. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, alitoa kijitabu juu ya mgogoro huo mwaka 1971, na jambo linalobaki kichwani kwa msomaji wake ni kwamba watu hawa hawakuwa wabahili. Walikuwa wakijenga, wakilipa, wakitoa. Walichokataa ni mtu kuingia bomani mwao kuhesabu ng'ombe na kukisia kilichomo ghalani, kisha kuamua huyu tajiri na yule maskini. Mbiru iliondolewa, kiwango kimoja kwa wote kikarudi. Msaragambo nao haupimi mali: kaya moja, mtu mmoja, jembe moja. Usawa wa aina hiyo una kasoro zake, maana jembe la mjane ni zito kuliko la mwenye vijana wanne, lakini ndio usawa uliokubalika, na usawa uliokubalika hufanya kazi.

Uhuru ulileta miaka ambayo swali hili lilikaribia kufutika. Ada za sekondari ziliondolewa katikati ya miaka ya 1960. Mitihani ilitoka Cambridge ikaja mikononi mwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Baraza letu wenyewe, NECTA, likaundwa kwa sheria namba 21 ya 1973. Mtoto wa Kihurio aliyechaguliwa kwenda sekondari aligharimiwa na taifa toka sanduku la chuma hadi cheti. Shida ilikuwa hilo neno "aliyechaguliwa". Nafasi zilikuwa chache mno, na wazazi wa mkoa wa Kilimanjaro, ambao kiu yao ya shule haikuwa na kifani, walirudia waliyoyajua: wakajenga. Shule za kanisa, za Jumuiya ya Wazazi na za wananchi zikaota mlimani na tambarare. Uchumi ulipoanguka na serikali ikarudisha ada katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la kuchangia gharama, mzigo wa fedha taslimu ukarudi pale pale ulipokuwa, mlangoni kwa mzazi. Aliyepokea mzigo safari hii ni ukoo. Mjomba aliyeajiriwa Dar es Salaam, kaka aliyepata kazi reli au benki, hao ndio waliokuwa mfuko wa elimu wa Kihurio kwa karibu miaka 30, bila ofisi wala fomu. Ni msaada uliosomesha wengi, na heshima yake haipunguzwi na mtu. Ila ulikuwa na tabia moja: ulimfikia mwenye mjomba.

Kisha zikaja shule za kata. Mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004 ulishusha ada ya kutwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000, ukaziachia jamii kazi ya kuinua kuta. Mbiu ikapigwa tena, na tarafa nzima ya Ndungu ikasomba mawe kama walivyosomba babu zao. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ukafuta hiyo ada kuanzia Januari 2016, serikali ikabeba pia gharama ya mitihani ya taifa kwa watahiniwa wa shule zake, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaingia humo. Hili ni tendo kubwa kuliko linavyosifiwa. Kwa mara ya kwanza tangu ada zirudishwe, mtoto wa mkulima wa mpunga aliingia chumba cha mtihani wa kidato cha nne bila mtu kumuuliza baba yake ana nini. Na lilifaulu kwa kukwepa kile kilichoiangusha mbiru: halikumpima mtu. Aliyekuwa kwenye orodha ya shule alilipiwa, tajiri na maskini, basi.

Lakini orodha ya shule ina mwisho. Tazama namba ya mtahiniwa wa kidato cha nne: ya mwanafunzi wa shule huanza na herufi S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Kijana akipata sifuri, au akafaulu masomo mawili na kukosa la tatu, mwaka unaofuata anahama kutoka S kwenda P, na kwa kuhama herufi hiyo moja anatoka kwenye msaada wote wa taifa. Matangazo ya NECTA ya miaka ya karibuni yametaja shilingi 50,000 kwa anayerudia mtihani wa kidato cha nne na 30,000 kwa Mtihani wa Maarifa (Qualifying Test, QT) kwa anayejisajili kati ya Januari na mwisho wa Februari. Ukichelewa hadi Machi ni 65,000 na 40,000. Anakwenda steshenari, anajaziwa fomu kwenye kompyuta, anapewa kumbukumbu namba ya malipo, na kuanzia hapo siku zinahesabika. Januari hiyo hiyo wadogo zake wanataka sare na madaftari. Februari shamba linaandaliwa kwa masika, trekta au jembe la ng'ombe halikopeshwi. Machi, fedha ikiwa imeanza kuonekana, bei imepanda kwa shilingi 15,000. Sijui faini inayomlenga maskini kwa usahihi kuliko hiyo, ingawa aliyeipanga bila shaka alikuwa akiwaza watu wazembe.

Wapo watakaosema shilingi 50,000 si kitu, kwamba kijana mwenye simu mkononi hawezi kulia juu yake. Hoja hii inasahau kwamba ada ya mtihani haiji peke yake. Kuna nauli ya kwenda kituo, picha ndogo za pasipoti, vitabu, masomo ya jioni kama yapo, na siku za mtihani zenyewe ambazo hakuna kibarua. Na hata ingekuja peke yake, udogo wa kiasi haukuwahi kuwa kipimo cha ugumu wake huku. Kodi ya kibanda nayo ilikuwa ndogo kwa mahesabu ya ofisini. Mkulima hana umaskini wa mwaka mzima. Ana miezi ya kushika na miezi ya kushikwa, na dirisha la usajili limefunguliwa katika miezi ya kushikwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: huyu ameshalipiwa mara moja akafeli, kwa nini mlipakodi amlipie tena? Ningeikubali kama tungekuwa na hakika kwamba kufeli kwake ni kwake peke yake. Shule za kata zilifunguliwa kwa haraka, nyingi zikaanza na walimu wachache wa sayansi na hisabati au bila kabisa, na maabara zikaja miaka baadaye. Kijana aliyesoma fizikia ubaoni bila kuona betri wala waya alikalia mtihani mmoja na mwenzake wa shule yenye maabara. Akifeli, sehemu ya deni hilo ni letu. Sisemi alipiwe mpaka azeeke. Nasema mara moja zaidi, kwa kila aliyekuwa S akawa P, ndani ya miaka miwili ya matokeo yake.

Na kwa nini kila mmoja, badala ya wale tu walio maskini? Swali hili huulizwa na watu wenye nia njema, na jibu lake liko Same ya 1945. Kila mara fedha inapowekewa sharti la kuthibitisha umaskini, gharama ya kuthibitisha inakula muda na imani. Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) wa kunusuru kaya masikini huanzia mkutano wa kijiji, ambako majirani hutajana, na manung'uniko ya nani kaingizwa na nani kaachwa yanajulikana nchi nzima. Kwa ruzuku inayolipwa mara kwa mara huenda usumbufu huo una maana. Kwa shilingi 50,000 zenye tarehe ya mwisho Februari, barua ya mtendaji wa kijiji, muhuri wa kata na kikao cha kamati vitamaliza siku zote kabla kumbukumbu namba haijalipwa. Mtoto wa mwenye duka atanufaika pia? Atanufaika. Alinufaika na Waraka wa 2015 vilevile, na hakuna aliyeandamana.

Kilichobaki ni swali la mfuko, na hapa ndipo ninapoona msaragambo umetuingia mpaka serikalini. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, kwa kawaida huonekana kwa saruji na mabati. Sehemu ya fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zilizokuwa shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000, na yalihitajika. Asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mkopo wa biashara wenye marejesho, usiomfaa anayetaka kukalia mtihani wa Kiingereza na hesabu. Tunapenda kutoa kitu kinachosimama na kuonekana kutoka barabarani. Darasa lina jiwe la msingi na jina la aliyelizindua; stakabadhi ya ada ya mtihani haizinduliwi na mtu. Wazee wa Kihurio walikuwa na udhuru, kwani hawakuwa na fedha, walikuwa na mikono. Halmashauri ina bajeti.

Madiwani wa Same, wa Kihurio akiwamo, hupitisha bajeti ya mwaka ujao wa fedha katika miezi hiyo hiyo ambayo dirisha la NECTA liko wazi. Waandike humo mstari mmoja: ada ya kurudia mtihani wa kidato cha nne, mara moja, kwa kila mhitimu wa shule za serikali za wilaya, ilipwe moja kwa moja kabla ya tarehe 28 Februari, bila fomu ya umaskini.