Nyumba ya DC na Kijiji cha Maharagwe

Meru hatuna kasri. Kilwa wanayo: Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha pembe nane juu ya bahari. Wataalamu wa Zamani Project kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town walishaenda Kilwa Kisiwani na mashine za leza, wakapima magofu, na umbo lake sasa limehifadhiwa kwenye kompyuta. Sisi jengo letu kuu la zamani ni ofisi ya DC.

Ipo mjini Meru, kuta za mawe, na tangu 1974 ni makumbusho. Ilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, miaka kama kumi hivi baada ya Waingereza kufungua kituo Embu mwaka 1906 na kusogea kaskazini. DC wa kwanza huku, Edward Horne, watu walimbandika jina Kangangi, mzururaji mdogo. Mtu mfupi, miguu haitulii.

Mwaka jana niliamua kuitengenezea nyumba hiyo modeli ya pande tatu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nikabaki na laptopu, deni la HELB na muda mwingi.

Njia yenyewe inaitwa fotogrametria, na jina linatisha kuliko kazi. Unazunguka jengo ukipiga picha kwa simu, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Programu (mimi natumia Meshroom, ni ya bure) inatafuta alama zilezile katika picha nyingi: ufa kwenye jiwe, doa la chokaa, msumari. Ikiuona msumari mmoja kutoka pembe tatu, inapiga hesabu wewe ulikuwa umesimama wapi na msumari uko umbali gani. Ikirudia hivyo mara nyingi sana, unapata wingu la nukta lenye umbo la nyumba. Siku ya mawingu ndiyo bora kwa sababu vivuli havikusumbui, na mawingu Meru mwezi wa saba si kitu cha kutafuta. Kioo cha dirisha kinaichanganya, mabati yanayong'aa pia, na paa hulioni vizuri ukiwa chini. Droni ingesaidia, lakini droni Kenya inataka kibali cha mamlaka ya anga, na mimi hata nauli ya kwenda Embu nilikuwa nahesabu.

Jioni ya tatu nyumba ikasimama kwenye skrini. Noma sana, kusema kweli. Unaizungusha kwa kidole, unahesabu mawe. Lakini nilivyozidi kuizungusha ndivyo nilivyoona kwamba kazi kubwa sikuifanya mimi. Mawe ndiyo yaliyofanya. Aliyejenga kwa mawe, hata awe mkoloni, miaka mia baadaye anakumbukwa na simu ya bei rahisi.

Kwenye uwanja wa makumbusho hayohayo kuna boma la Kimeru la miti, udongo na nyasi. Ni la maonyesho, limejengwa upya, maana nyasi huoza. Nyumba ya aina hiyo haikungoji uje na kamera. Lazima awepo mtu anayejua ilivyokuwa.

Hapo ndipo nikaanza kufikiria Embu, kwa kina mama. Kuanzia 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu zaidi ya milioni moja kwenye mashamba yao, Embu ikiwemo, ikawasonga kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa kwa handaki na seng'enge. Mwea, ambayo siku hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, kulikuwa na kambi za kizuizini, na wafungwa wa Mau Mau walichimba mifereji ya mashamba yanayotupa pishori leo. Ukienda huko na simu, sehemu kubwa utapiga picha ya mpunga.

Njia ishaonyeshwa. Chao Tayiana Maina wa African Digital Heritage, akishirikiana na wenzake wa Museum of British Colonialism, waliunda upya kwa kompyuta kambi za Aguthi na Mweru kule Nyeri. Zote mbili sasa ni shule. Walitegemea mabaki na kumbukumbu za wazee, kwa sababu makaratasi ya mkoloni nayo ni stori nyingine: walipokuwa wanaondoka walichoma mengi, wakabeba mengine, na ilibidi wazee wa Mau Mau washtaki London ndipo, mwaka 2011, serikali ya Uingereza ikakubali kwamba kuna mafaili yamefichwa Hanslope Park.

Shosho wangu alikuwa na miaka kumi na moja alipoingizwa kijijini. Sasa ana themanini na mbili. Nilimkuta akichagua maharagwe, nikamuuliza nyumba yao ilikuwa wapi.

"Hapa," akasema, akaweka haragwe kwenye ungo. Kisha lingine, karibu kabisa. "Na hapa jirani. Ukikohoa, anakwambia pole."

Akaendelea mpaka ungo ukajaa mistari. Kando akaweka jiwe: posti ya homugadi, mahali pa juu.

"Handaki lilikuwa na upana gani, Shosho?"

"Upana wa kutoruka, mume wangu." Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la guka.

Upana wa kutoruka, kwenye Blender, unauandika mita ngapi? Niliandika tatu. Kuna mwongozo wa 2009, London Charter, unaotaka modeli za urithi zionyeshe wazi kipi kina ushahidi na kipi ni makisio. Kwa hivyo nilichagua rangi: kijivu kwa kitu ambacho watu wawili wamekubaliana, njano kwa neno la mtu mmoja, nyekundu kwa kubahatisha kwangu. Handaki lipo, hilo ni kijivu. Upana wake ni mwekundu. Nyumba ya DC ingekuwa kijivu yote isipokuwa paa.

Shosho alipoangalia skrini alicheka. "Mbona kwetu kuna homa ya manjano?"

Dawa ni kutafuta mtu wa pili, na hao wanapungua kila msimu wa mvua. Nilimpata mmoja Runyenjes, mama mkubwa kwa Shosho kwa miaka mitatu. Kwa mistari ya nyumba walikubaliana, zikageuka kijivu safu kwa safu. Lango likawashinda. Yeye anasema lilikuwa upande wa mto. Shosho anasema lilikuwa upande wa barabara, na kwamba yule baba yake alikuwa homugadi, kwa hivyo alikuwa anapitia kwake.

Nimeweka malango mawili, yote ya njano.