Kingaukuta: Istilahi ya Ukuta Ulio Nyuma ya Jiko

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo au Mombasa na kuomba kitu cha kufunika ukuta wa nyuma ya jiko la gesi, utapewa majina kadhaa. Huyu atakuonyesha vigae, yule atasema marumaru, mwingine atakutolea paneli za PVC, na wanaouza makabati ya kisasa watakuambia unatafuta baksplashi. Majina matatu ya kwanza yanataja mali iliyotumika. La nne, lililotoka Kiingereza, limejengwa juu ya mruko wa maji na mafuta. Hakuna hata moja linalotaja moto, na kwa ukuta unaopakana na jiko, moto ndilo jambo la kwanza.

Kiswahili hakikuwa na haja ya jina hilo zamani. Nyumba nyingi za pwani zilipikia uani, mafiga yakiwa mbali na ukuta, na kama ukuta ulikuwepo ulikuwa wa udongo au mawe na chokaa. Masizi yaliusawijisha, basi. Haja imekuja baada ya jiko kuingia ndani na kusukumwa hadi ukutani, na itazidi kukua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Sehemu kubwa ya majiko hayo itakuwa ya gesi, ndani ya vyumba vidogo.

Istilahi ninayoipendekeza ni kingaukuta. Muundo wake tunao tayari: kingamwili huulinda mwili, kingaradi huikinga nyumba na radi. Kingaukuta hutaja kinacholindwa, kwa hiyo hubeba maji, mafuta, masizi na joto kwa pamoja. Tena lugha yetu inatupa upambanuzi mzuri hapa, kwa kuwa jiko ni chombo cha kupikia na pia ni chumba. Kingaukuta ya jikoni ni ile inayozunguka chumba, pamoja na nyuma ya sinki. Kingaukuta ya jiko ni kile kipande kilichosimama mbele ya mwali. Fundi akizitenganisha hizi mbili katika makadirio yake, hatatumia mali ileile kila mahali kwa sababu tu rangi imependeza.

Ugumu mkubwa uko kwenye sifa inayoambatana na jina hili. Matangazo husema "haiathiriwi na joto", nasi tunaridhika. Lakini ndani ya maneno hayo kuna sifa tatu ambazo hazifuatani. Kitu kinaweza kustahimili joto, yaani kisiyeyuke, kisipasuke wala kisipinde. Kinaweza kuwa hakiwaki, yaani hakishiki moto na kuueneza. Na kinaweza kuhami joto, yaani kulizuia lisipite kwenda upande wa pili. Vitabu vya fizikia vina neno kihami kwa sifa hii ya tatu, na ni neno la kutumiwa na mafundi pia.

Bati la chuma kisichoshika kutu, maarufu kama stenlesi, linafundisha vizuri. Huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,400 za Selsiasi na haliwaki, hivyo sifa mbili za mwanzo linazo. Ya tatu halina. Ukiligandisha moja kwa moja kwenye ubao, joto litapita na kuuchoma ubao polepole nyuma ya bati linalong'aa, na mwenye nyumba hataona chochote. Bati hilo lahitaji ukuta wa tofali nyuma yake, au nafasi ya hewa inayopita. Stika za kubandika zenye uso wa aluminiamu zina kasoro ya namna hiyo: uso ni wa metali, lakini chini yake kuna gundi na mara nyingi plastiki.

Paneli za PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, na zikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayowasha macho na kifua. Kioo cha kawaida hakiwaki, ila hupasuka sehemu moja ikipata joto ghafla na nyingine ikabaki baridi. Tofauti ya nyuzi 40 yaweza kutosha. Kioo kilichoimarishwa kwa joto huvumilia tofauti inayofikia nyuzi 200 hivi. Tundu la soketi litobolewe kabla hakijaingia kwenye tanuri, maana baada ya hapo hakikatiki tena. Marumaru halisi haina shida na joto la jiko. Adui yake ni limau, ukwaju na siki, kwa kuwa asidi hula mng'aro wake.

Kigae cha kauri kimeshachomwa tanurini kwa zaidi ya nyuzi 1,000 kabla hakijafika dukani. Jina lake lenyewe liliwahi kumaanisha kipande cha chungu kilichovunjika, na kweli ni ndugu wa chungu. Hata hivyo kigae hakisimami peke yake. Ubao wa kawaida wa jipsamu hushauriwa usikae muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 52, kwa sababu takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na yakitoka ubao hugeuka unga. Kigae kikibandikwa juu yake nyuma ya jiko, kitakachoachia ni ubao.

Umbali nao una sauti. Sufuria pana ya pilau husukuma mwali na hewa ya moto ziende pembeni, zikaulambe ukuta. Kanuni za gesi za Australia na New Zealand zinataka uso wowote unaoweza kuwaka ulio chini ya milimita 200 kutoka ukingoni mwa kichomeo ulindwe hadi milimita 150 juu yake, kwa urefu wote wa jiko. Kipimo hicho kinafaa kuigwa na fundi yeyote wa kwetu.

Kwa jiko la gesi lililobanwa ukutani, chaguo langu ni kigae cha kauri kilichobandikwa kwa saruji juu ya plasta ya saruji. Paneli za plastiki zibaki upande wa sinki.