Baharia Mweusi Asiye na Jina Kwenye Ukuta wa Bunge la Uingereza

Mfalme wa Uingereza akienda kufungua Bunge pale Westminster, akishavaa taji lake anapita kwenye ukumbi mrefu uitwao Royal Gallery. Huko kuna michoro miwili ya ukutani, mikubwa balaa, kila mmoja una urefu wa karibu mita 14. Mmoja unaonyesha Wellington akikutana na Blücher baada ya vita vya Waterloo. Wa pili ni kifo cha Nelson, yule admeri aliyepigwa risasi Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805.

Kwenye huo wa pili, macho ya wengi yanaishia kwa Nelson, kalala sitahani anakata roho. Lakini hebu angalia pembeni yake kidogo. Kuna baharia mweusi, mkono kauinua juu, anawaonyesha wenzake alikojificha mdunguaji wa Kifaransa. Yaani wakati wengine wanababaika, yeye ndiye kamuona adui. Jina lake? Hakuna.

Ilianzaje? Jumba la zamani la Bunge liliungua moto Oktoba 1834. Likajengwa upya kwa ramani ya Charles Barry, mapambo yakasimamiwa na Pugin. Mwaka 1841 ikaundwa tume, mwenyekiti Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, ili kuta zipambwe kwa historia ya taifa. Wakachagua fresko, yaani rangi inapakwa juu ya lipu ikiwa bado mbichi, ikikauka imeshikana na ukuta.

Italia ilikubali. London ikagoma! Unyevu, moshi wa makaa ya mawe na taa za gesi vilifanya michoro ya mwanzo ianze kubanduka ndani ya miaka michache tu.

Hapo ndipo anaingia Daniel Maclise, mchoraji kutoka Cork, Ireland. Fresko ilimtesa hadi akataka kuacha kazi. Prince Albert akamshawishi aende Ujerumani mwaka 1859 akajifunze njia nyingine: unachora kwenye lipu kavu, halafu unanyunyizia dawa ya silika ili rangi ishike. Akarudi, akamaliza Waterloo mwaka 1861 na Nelson mwaka 1865. Mpango ulikuwa wa michoro mingi zaidi, lakini Albert alifariki Desemba 1861 na mambo yakapoa. Maclise naye akafariki 1870. Na hiyo dawa ya Ujerumani nayo haikufua dafu, rangi zimefifia sana.

Kilichobaki ni macho ya Maclise kwa watu wadogo. Kabla ya kuchora Nelson alihoji watu waliopona kwenye vita ile. Ndiyo maana sitahani hakuweka maofisa peke yao. Kuna wavulana wa kubeba baruti, kuna wanawake wanaohudumia majeruhi, na kuna huyo baharia mweusi.

Na wala si chumvi ya mchoraji. Meli ya Nelson, Victory, ilikuwa na watu zaidi ya 800 kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo waliozaliwa Afrika na visiwa vya Karibiani. Sasa pima hili: mwaka 1805 biashara ya utumwa ilikuwa bado halali kwa Waingereza. Marufuku ilikuja 1807, na sheria ya kuwaachia huru watumwa wa makoloni ikapitishwa 1833. Kumbe mtu mweusi angeweza kupigania bendera ileile iliyokuwa ikipepea juu ya meli zinazosafirisha ndugu zake kwa minyororo.

Tume ilitaka mashujaa wakubwa, na iliwapata. Nelson ana mnara wake katikati ya jiji, ana na uwanja unaoitwa Trafalgar. Baharia wetu kapata mita chache za lipu inayofifia, huku wafalme wakipita mbele yake mwaka hadi mwaka.

Wadau, kati ya aliyekufa na aliyemuona adui, nani alistahili kuandikwa jina pale ukutani?