Tairi ni Moja, Mguu ndio Tofauti

Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli za kifamilia, nikafikia kwa mpwa wangu anayeendesha bodaboda. Steji yake iko Muthangari, upande wa Waiyaki Way. Asubuhi moja nilikaa naye pale kwa fundi wa pancha, na mbele yetu kulikuwa na matairi mawili ya nyuma, namba 3.00-17, ya kampuni moja, yaliyonunuliwa wiki moja. Moja lilikuwa bado na meno. La mpwa wangu lilikuwa kipara katikati, na mahali pamoja nyuzi zimeanza kuchungulia.

"Mjomba, hili wameniuzia feki," akaniambia.

Fundi akacheka. "Tairi ni moja, mguu ndio tofauti."

Nimelileta jambo hili kwenu kwa sababu vijana wetu wa Kisauni, Likoni na Malindi nao wanakula kwa pikipiki, na malalamiko yao ni hayo hayo.

Tairi huisha kwa kusuguana na lami. Gurudumu likizunguka bila kuteleza, mpira hupungua pole pole. Likiteleza hata kidogo, mpira hukwanguliwa kama nazi kwenye mbuzi. Tairi la nyuma ndilo linalopokea nguvu za injini, na juu yake amekaa abiria, kwa hivyo huwahi kuisha. Kijana anayeachia klachi ghafla huku amevuta mafuta, ili aiwahi nafasi mbele ya matatu, hulikwangua kila anapoondoka. Fanya hivyo mara hamsini kwa siku, kisha uhesabu.

Breki ndiyo mbaya zaidi. Nguvu ya kuzuiwa huongezeka kwa mraba wa mwendo: anayesimama kutoka kilomita 60 kwa saa ana nguvu mara nne ya kuzima kuliko anayesimama kutoka 30. Barabara za Muthangari na Lavington zina matuta na mageti ya nyumba kila hatua, na vijana hukimbia kutoka tuta hadi tuta. Tena wengi hukanyaga breki ya nyuma peke yake, kwa kuogopa kwamba ya mbele itawapindua. Ukikanyaga kwa nguvu, gurudumu hufunga, likabururwa, na pale lilipobururwa hubaki bapa. Hilo bapa halirudi tena. Ukweli ni kwamba pikipiki inapozuiwa uzito huenda mbele, na breki ya mbele, ikibanwa pole pole pamoja na ya nyuma, ndiyo inayosimamisha zaidi. Kwenye mchanga au lami iliyoloa, au ukiwa umeinama kwenye kona, hapo ndipo pa kuwa na hadhari nayo.

Mwenye lile tairi jingine ni mzee wa makamo. Nilimtazama akirudi: alifunga mafuta mapema kabla ya tuta, injini ikampunguzia mwendo, breki akaigusa tu. Hakufika nyuma ya wenzake.

Kisha kuna upepo. Tairi lenye upepo mdogo huliwa kandoni na hupata joto, na kwa lami yetu ya Mombasa saa saba mchana joto hilo si mchezo. Likijazwa kupita kiasi huliwa katikati. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na cha nyuma huwa tofauti ukiwa peke yako na ukiwa na abiria. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kubonyeza kwa kidole si kupima. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, lakini sote tunaona wawili na gunia, na hakuna upepo wa kulisaidia tairi hapo.

Ukinunua jipya, tazama tarakimu nne ubavuni. 3524 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mpira uliokaa miaka juani hugumika, na tairi gumu huteleza hata likiwa na meno.

Meno yale kazi yake ni kutoa maji chini ya gurudumu. Kipara kwenye lami kavu hukudanganya kwamba kinashika. Mvua ya kwanza tu, umelala chini na abiria wako.

Mpwa wangu alitaka kuvuta mpaka mwisho wa mwezi, maana pikipiki si yake na kila jioni kuna pesa za mwenyewe. Makubaliano yao ni kwamba tairi ni juu ya dereva. Hapa nasema wazi: mwenye mali anayechukua pesa kila siku, kisha akamwachia kijana gharama ya tairi lote, anamfundisha kupanda kipara. Wagawane.

Siku ile nililipa nusu mimi. Fundi alipomaliza, akapima upepo, akampa funguo. Abiria alikuwa keshasimama akimngoja. Kijana akaondoka taratibu kweli, mpaka alipopita tuta la kwanza.