Chupa ya bei poa na sheria ya 1897

Wadau, leo tuiache siasa kidogo tuongelee bourbon, ile wiski ya Kimarekani ya mahindi, tena zile za bei ambayo mshahara wa ripota unaweza kuisogelea.

Nimeonja mbili za Kentucky, zote lebo nyeupe: Jim Beam na Evan Williams. Jim Beam ina kileo asilimia 40. Ni laini, tamu kidogo, na haikai mdomoni. Evan Williams ni asilimia 50. Inaunguza kwanza, ila ukiitia maji kidogo ndipo vanila na harufu ya pipa lililochomwa vinajitokeza. Mimi nachukua hiyo ya pili, na si kwa ladha tu. Kwenye lebo yake kuna maneno Bottled in Bond, na maneno hayo ni sheria.

Karne ya 19 wafanyabiashara wengi Marekani walikuwa wakichakachua. Wananunua spiriti changa, wanaitia rangi na ladha, wengine hata maji ya tumbaku, halafu wanaiuza kama wiski iliyokaa miaka. Mnywaji angejuaje? Machi 3, 1897 Rais Grover Cleveland akasaini sheria: chupa yenye maneno hayo itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae miaka isiyopungua 4 kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na kileo kiwe asilimia 50 kamili. Sheria ya kuzuia uchakachuaji wa vyakula na dawa nchini humo ilikuja baadaye, 1906!

Msidhani ilikuwa huruma. Aliyeipigia debe ni Kanali Edmund Haynes Taylor, mwenye kiwanda Kentucky, akisaidiwa na Waziri wa Fedha John Carlisle, naye mtu wa huko huko. Taylor alikuwa anaumizwa na wachakachuaji waliouza rahisi kuliko yeye. Serikali nayo ilitaka kodi yake, ndiyo maana mkaguzi wake alishika ufunguo wa ghala. Tamaa mbili zikakutana, mnywaji akapona.

Lebo ya Evan Williams inajivunia pia mwaka 1783. Huo wanahistoria wanautilia shaka, na mimi niko upande wao.

Kwenye maduka ya Marekani chupa hii hukaa rafu za chini. Juu yake zimepangwa za bei mbaya zilizoandikwa Small Batch, maneno ambayo sheria ya huko haijayapa maana yoyote.