Eksirei pekee haibainishi udhaifu wa mifupa

MZEE anayeteleza kwenye miteremko ya Imenti au Runyenjes na kuvunjika mkono hupelekwa hospitalini, akapigwa eksirei, akafungwa plasta na kurejea nyumbani. Swali muhimu huenda lisiulizwe: mbona mfupa ukavunjika kwa kuanguka kudogo hivyo?

Huenda chanzo ni osteoporosisi, maradhi yanayopunguza madini ya mifupa na kuifanya iwe dhaifu. Huwaathiri zaidi wanawake waliokoma hedhi na wazee wa jinsia zote, na kwa kawaida hayaumi hadi mfupa uvunjike.

Eksirei, ambayo hupatikana katika hospitali za rufaa za Meru na Embu, huonyesha mfupa uliovunjika. Hata hivyo, upungufu wa madini hauonekani wazi katika picha hiyo hadi takriban asilimia 30 au zaidi iwe imepotea. Picha isiyo na kasoro, basi, si hakikisho kwamba mifupa ni imara.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni DXA. Mashine hii hutumia miale ya viwango viwili vya nguvu kupima madini ya nyonga na ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kisha matokeo hulinganishwa na ya kijana mwenye afya. Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 1994, alama ya -2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Miale yake ni michache kuliko ya eksirei ya kifua. Lakini uti wa mgongo uliochakaa na kuota vijifupa huweza kuipa mashine alama ya juu isivyostahili. Hapo nyonga ndiyo ya kutegemewa.

Skani ya CT huepuka kasoro hiyo kwa kutenganisha sehemu ya ndani ya mfupa na gamba lake. Hata hivyo, humpa mgonjwa miale mingi zaidi na huhitaji programu maalumu.

Altrasaundi ya kisigino haina miale na mashine yake hubebeka hadi zahanati za mashambani. Huashiria hatari ya kuvunjika, lakini haitoshi kuthibitisha ugonjwa wala kufuatilia matibabu.

Mashine za DXA ni chache nchini na nyingi ziko Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Meru na zaidi ya 100 kutoka Embu. Wanaostahili kufikiriwa kwanza ni wanawake waliotimu miaka 65, wanaume wa miaka 70, na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Aidha, mzee aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kudogo anaweza kuanzishiwa matibabu na daktari hata kabla ya kupimwa DXA. Umbali wa mashine usiwe sababu ya kungoja mfupa wa pili uvunjike.