Gumba, Jembe na Mtungi: Juu ya Asili na Maana za Misemo ya Kiingereza

Misemo ya Kiingereza ina walimu wengi na wanahistoria wachache. Mwanafunzi hufundishwa kuikariri kwa ajili ya insha na mtihani, na akiuliza ilikotoka hupewa kisa. Visa hivyo ni vitamu, vinakumbukika upesi, na kwa sehemu kubwa si vya kweli. Wala upungufu huu si wa mwalimu wa shule peke yake, kwani wasomi nao huvichukua na kuviweka katika maandishi yao kana kwamba ni ushahidi. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa misemo mingi ya Kiingereza iliyo maarufu, kisa kilizaliwa baada ya msemo wenyewe, na kwamba pasipo tarehe za maandishi hakuna njia ya kutenganisha historia na ngano.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni wa "rule of thumb", yaani, neno kwa neno, kanuni ya kidole gumba. Kwa matumizi ya leo msemo huu una maana ya kanuni ya kukadiria, iliyotokana na mazoea ya kazi wala si vipimo kamili. Tangu miaka ya 1970 imeenea habari kwamba asili yake ni sheria ya kale ya Uingereza iliyomruhusu mume kumpiga mkewe kwa fimbo, maadamu fimbo hiyo haikuzidi unene wa kidole gumba. Habari hiyo ilipata nguvu sana hata mwaka 1982 Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ikatoa ripoti juu ya wanawake wanaopigwa, na ripoti hiyo ikapewa jina linalotokana na msemo huo huo.

Tarehe zasema jingine. Msemo umo katika mahubiri ya James Durham, mhubiri wa Scotland aliyefariki mwaka 1658, na umo tena katika kitabu cha ufundi wa kupigana kwa panga alichokitoa Sir William Hope mwaka 1692. Kote humo hakuna mke wala fimbo. Linalozungumzwa ni kutenda jambo kwa kukisia. Fimbo na gumba vinakuja kuonekana pamoja mwaka 1782, wakati jaji Francis Buller aliposhutumiwa kwamba ametamka maneno ya namna hiyo, na mchoraji James Gillray akamchora kwa kejeli akiuza fimbo na kumwita Jaji Gumba. Hukumu yoyote ya Buller yenye maneno hayo haijapatikana. William Blackstone, katika kitabu chake cha sheria cha mwaka 1765, alitaja kwamba sheria ya zamani ilimpa mume ruhusa ya kumrudi mke kwa kiasi, lakini hakutaja gumba. Huko North Carolina, katika kesi ya mwaka 1868, hakimu wa mahakama ya chini alisema kweli kwamba mume aweza kutumia ufito usiozidi gumba, na mahakama ya juu, ingawa haikuitegemea kanuni hiyo, ilimwachilia mume. Hata humo msemo wenyewe haukutumika. Henry Ansgar Kelly aliyapanga mambo haya yote katika makala yake ya mwaka 1994, na tangu hapo haielekei kwamba pana nafasi ya ubishi.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana jambo hili si la kamusi tu. Kwamba wanawake walipigwa na sheria ikafumba macho ni kweli iliyothibitishwa na kesi zenyewe. Kweli hiyo haihitaji kubebwa na msemo. Ikibebwa hivyo, mpinzani ataubomoa msemo kisha atadai kwamba ameibomoa na kweli. Na ndivyo ilivyotokea mara nyingi katika magazeti ya Marekani, ambako waliosahihisha asili ya msemo walijifanya kana kwamba wamesahihisha na historia ya kipigo.

Kuhusu maana yenyewe, msomaji wa Kiswahili hana shida nayo. Lugha iliyopima nguo kwa dhiraa na pima, na vitu vidogo kwa shibiri na wanda, inajua kwamba mwili wa binadamu ndio rula ya kwanza. Katika Kifaransa na Kiholanzi neno moja hutaja gumba na pia inchi. Fundi aliyepima kwa gumba lake hakuwa na haja ya jaji.

Visa vingine ni vyepesi na havistahili muda mwingi. Mwaka 1999 ulizagaa kwa barua pepe waraka usio na jina la mwandishi, uliodai kueleza maisha ya Waingereza wa miaka ya 1500. Humo ilisemwa kwamba mvua kubwa husemekana kuwa ya paka na mbwa kwa sababu wanyama hao walilala ndani ya mapaa ya nyasi, na mvua ikinyesha wakateleza wakaanguka. Mtu aliyekulia chini ya paa la makuti hahitaji kamusi ili ajue kwamba mbwa hapandi kulala humo. Maandishi ya kwanza yanayokaribia msemo huu ni ya katikati ya karne ya 17, katika tamthilia ya Richard Brome iliyochapishwa mwaka 1653, na humo kinachotajwa pamoja na mbwa si paka bali mnyama mwingine afananaye na kicheche. Sura tuijuayo ya paka na mbwa ilienea kwa maandishi ya Jonathan Swift ya mwaka 1738. Kwa nini wanyama hao, maandishi hayasemi. Nao waraka ulijaza pengo hilo kwa paa.

Uwezo wa kuzikanusha habari kama hizi haukuja wenyewe. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kiliazimia kutunga kamusi itakayoonyesha kila neno lilianza lini kuandikwa na limebadilika vipi. James Murray alikabidhiwa uhariri mwaka 1879, kijitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1884, na kazi ikakamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Nguzo ya kazi hiyo ilikuwa vikaratasi. Wasomaji wa kujitolea walisoma vitabu vya karne zote, wakanakili sentensi yenye neno, wakaandika mwaka, mwandishi na ukurasa, kisha wakavituma kwa posta. Kamusi iliyochapishwa ilikuwa na manukuu zaidi ya milioni 1.8. Wengi wa wasomaji hao hawakuwa maprofesa. Mtu akisema leo kwamba msemo fulani ulianza karne fulani, anasimama juu ya vikaratasi hivyo.

Navyo vimefichua jambo ambalo Waingereza wenyewe hawalipendi sana: baadhi ya misemo yao inayoonekana kuwa ya kienyeji kabisa ni tafsiri, na tafsiri zenye makosa. "To call a spade a spade" husifiwa kuwa ni usemi wa mkulima wa Kiingereza asiyepaka maneno mafuta. Chimbuko lake ni Kigiriki. Plutarch asimulia kwamba watu wa Olynthus waliokuwa upande wa Philip walimlalamikia kwamba Wamakedonia wanawaita wasaliti. Naye Philip akajibu kwamba Wamakedonia ni watu wa shamba, wasiojua ila kukiita chombo fulani kwa jina lake. Chombo hicho kwa Kigiriki ni "skaphe", yaani birika au sinia la mti. Erasmus, mwanachuoni wa Rotterdam, alipolileta neno hilo katika Kilatini alilichanganya na neno jingine la Kigiriki linalotaja kifaa cha kuchimbia, akaandika "ligo", ambayo ni jembe. Nicholas Udall alipomfasiri Erasmus kwa Kiingereza mwaka 1542 akaandika "spade", nayo ikabaki. Basi mfasiri wa Kiswahili akichagua jembe badala ya sepetu, yu karibu zaidi na kosa la kwanza kuliko la pili. Na akitaka usahihi wa Kigiriki itambidi aseme sinia.

Erasmus huyo huyo ndiye aliyempa Pandora kisanduku. Katika utenzi wa Hesiod, shari za ulimwengu zilitoka katika mtungi mkubwa wa udongo, "pithos", wa aina iliyowekewa nafaka na mafuta. Erasmus akaandika "pyxis", kikasha kidogo, na wachoraji wa Ulaya wakamchora Pandora ameshika kikasha mkononi. Kosa lilikwisha kuwa kweli ya lugha. Hakuna atakayemwambia Mwingereza leo aseme mtungi wa Pandora, wala hapana haja.

Msemo wa sepetu una mkia mwingine. Katika miaka ya 1920 neno "spade" lilianza kutumiwa Marekani kama tusi la kuwataja watu weusi. Kwa sababu hiyo wako wanaouepuka msemo, wakidhani ulitokana na tusi. Tarehe zaonyesha kwamba msemo ulitangulia kwa karibu miaka 400. Lakini si haki kumcheka anayeuepuka. Maana ya msemo ni jinsi unavyosikika leo, na sikio lililotukanwa lina historia yake ambayo nayo ina tarehe. Kosa ni kulitoa tusi la karne ya 20 na kulipachika kwenye kinywa cha Udall.

Mbali na Wagiriki, mkondo mkubwa kuliko wote ni wa Biblia. William Tyndale, aliyenyongwa na kuchomwa karibu na Brussels mwaka 1536, alichapisha vitabu vitano vya Musa kwa Kiingereza mwaka 1530, na humo akaunda neno "scapegoat". Katika Mambo ya Walawi 16 wanatajwa mbuzi wawili: mmoja wa kuchinjwa, na mmoja wa kupelekwa jangwani akiwa hai, "kwa Azazeli". Tyndale, akifuata ufahamu wa wafasiri wa Kigiriki na Kilatini, aliligawa neno la Kiebrania na kulisoma kama mbuzi anayekwenda zake. Wataalamu wengi wa baadaye wameliona kuwa ni jina, na tafsiri ya Kiingereza iliyotoka Marekani mwaka 1952 ilirudisha Azazeli, kama ilivyo pia katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version iliyotoka mwaka huo huo. Hata hivyo neno la Tyndale lilikwisha kujipatia maisha yake, na kufikia karne ya 19 lilikuwa na maana ya mtu anayebebeshwa lawama za wengine. Wanahabari wa Kiswahili hulifasiri kwa kusema mbuzi wa kafara. Hapo mbuzi wawili wa Walawi wamegeuzwa mmoja, maana kafara huchinjwa, na yule wa lawama ndiye hasa asiyechinjwa.

Mkondo huu wa Biblia watakiwa kumtahadharisha mchunguzi wa Kiswahili kwa namna nyingine pia. Anapokuta kwamba Kiswahili chasema "kunawa mikono" kwa maana ya kujitoa katika jambo, na Kiingereza chasema vivyo hivyo, huelekea kuandika kwamba Kiswahili kimekopa kwa Kiingereza. Lakini kisa cha Pilato katika Mathayo 27 kilizifikia lugha zote mbili kwa tafsiri. Wana wa baba mmoja hufanana bila mmoja kumzaa mwenziwe.

Bahari nayo imetoa misemo, ingawa si mingi kama wapenzi wa bahari wanavyodai. "By and large", ambao leo maana yake ni "kwa jumla", ulikuwa usemi wa mabaharia katika karne ya 17: chombo kinachoweza kwenda joshi, karibu na upepo, na pia kwenda upepo ukiwa nyuma. Nahodha wa Lamu angeufahamu upesi kuliko mwalimu wa bara. Kiswahili chenyewe kina "kubisha", la chombo kukabili upepo na la mtu kukataa hoja, na hakuna awezaye kusema lipi lilitangulia kwa kutazama maana peke yake.

Mwisho uko msemo usiokubali kisa chochote. "Kick the bucket", yaani kufa, umo katika kamusi ya maneno ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Wengine husimulia juu ya mtu aliyejinyonga akipiga teke ndoo aliyoisimamia. Wengine huelekeza kwenye maana nyingine ya "bucket", mti wa kuangikia nguruwe aliyechinjwa, maana iliyodumu katika lahaja ya Norfolk. Maelezo haya ya pili yana lahaja ya kuyategemeza na ya kwanza hayana kitu. Hata hivyo Grose mwenyewe hakueleza, na kamusi bora zimeacha mlango wazi.

Kiswahili kina "kukata kamba" kwa maana hiyo hiyo. Mmoja atasema ni kamba ya nanga, mwingine ya mbuzi aliyefungwa, na kila mmoja ataapa. Kamusi za misemo zilizotungwa tangu miaka ya 1980 zimekusanya maana kwa bidii lakini bila miaka. Pahali pa kuanzia papo: kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, mkusanyo wa methali wa W. E. Taylor wa mwaka 1891, gazeti la Msimulizi lililoanza Unguja mwaka 1888, Mambo Leo la tangu 1923, Baraza la tangu 1939, na tenzi za hati za Kiarabu kuanzia ule wa Tambuka ulionakiliwa mwaka 1728. Kikaratasi cha kwanza cha "kukata kamba", chenye mwaka na ukurasa, kitakuwa na thamani kuliko visa vyote viwili.